Kompyuta Isiyozimwa Tangu Pasaka

Kompyuta yangu haigandi. Haijazimwa tangu Pasaka, na haitazimwa mpaka nioe. Ndivyo nilivyomwambia dada yangu Dufie mbele ya wateja.

Sisi tunatengeneza mabango ya mazishi hapa Kumasi, kila mmoja na kompyuta yake. Zinalingana kwa nguvu, ila mfumo endeshi ni tofauti, yaani ile programu kuu inayoongoza nyingine zote. Dufie huzima yake kila Ijumaa jioni na kuiwasha upya.

"Mfumo wako mgonjwa," nilimtania. "Kila wiki lazima ulazwe."

"Cheka tu, Nsiah."

Alhamisi moja nilikuwa namalizia bango la Mzee Badu. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na ukoo ulitaka bango libandikwe Alhamisi hiyohiyo ili watu wajue pa kwenda. Skrini ikaganda. Nikabonyeza kila kitu. Kompyuta ikazimika yenyewe, ikarudi bila bango. Sikuwa nimehifadhi. Kitu kisichozimwa unakihifadhia nini?

Binti wa marehemu alikuwa amekaa mlangoni. "Kaka, sura ya baba imekwenda wapi?"

Dufie akamwita Afrakoma, fundi wa duka la jirani.

"Tatizo ni huu mfumo," nilimwambia. "Wa Dufie ni bora."

"Asubuhi si ulikuwa unausifu huu wako? Kukaa bila kuzimwa si uimara, Nsiah. Programu huacha mabaki kwenye kumbukumbu, inajaa. Marekebisho ya mfumo nayo yanasubiri uwashe upya, wewe unayapiga chenga. Ukitaka kulinganisha mifumo miwili, ipe kazi ileile na matunzo yaleyale. Kisha tazama upi unaganda mara nyingi, na upi unarudi upesi."

"Na bango langu?"

"Hilo usiusingizie mfumo. Hifadhi kazi kila mara."

Dufie alilitengeneza upya kwenye kompyuta yake, mimi nikimsomea majina ya wajukuu. Kabla ya jioni lilikuwa ukutani.

Sasa kompyuta zote mbili zinatunzwa sawasawa. Hakuna iliyoganda tena, na mshindi hatujampata. Yangu naizima kila Ijumaa na kuiwasha upya, bila kukumbushwa na mtu. Nawe fanya hivyo.

"Nani anaizima?" Dufie anasoma haya ninayoandika, nyuma ya bega langu. "Ni mimi, Nsiah. Wewe saa hiyo huwa umeshakimbilia kula fufu."