Mchicha wa Tuta Dogo

Jua lilikuwa halijachomoza, lakini Herieth na mama yake Demetria walikwisha kushuka bondeni. Bustani yao iko Mbagala, karibu na Mto Mzinga. Ina matuta kumi ya mchicha, na moja dogo pembeni. Mama huchota maji, binti humwagilia. Wakichoka hubadilishana.

Lile tuta dogo waliliita la nyumbani. Majani yake yalijaa matundu ya viwavi, maana halikupigwa dawa. Hapo ndipo walipokata mboga ya kupika. Wakulima wengi wa bondeni walikuwa na tuta la namna hiyo, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ilikuwa Jumanne. Jumatatu jioni mama alipulizia dawa matuta yote kumi.

"Hodi bondeni!"

Alikuwa Mwinshehe, mchuuzi wa mboga, na baiskeli yake yenye tenga. Alikuwa akinunua kwao kwa miaka sita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Mama Herieth, nipe mafungu ya kila siku, na mawili ya kwangu. Mama yangu katoka hospitali juzi. Kaambiwa ale mboga za majani."

Herieth alishika kisu. Miguu ikampeleka kwenye tuta dogo.

Mwinshehe akacheka. "We Herieth, mama yangu mgonjwa unampa masalia ya wadudu? Kata ule pale, umenawiri kama bibi harusi!"

"Huu ndio mzuri, baba."

"Mzuri kwa lipi?"

"Ndio... tunaokula sie."

Kicheko kikakatika. Mwinshehe akayatazama yale matuta kumi. "Na huo ninaouza mie miaka yote?"

Demetria aliinamisha kichwa. "Umepuliziwa jana, kaka. Ukiuosha hauna neno."

"Basi mngeuosha mkala nyie."

Akageuza baiskeli. Hakuchukua hata fungu moja.

Mama akaketi juu ya ndoo. "Umeniaibisha, Herieth."

"Mama, ningempa ule, bibi wa watu akazidiwa, tungesali sala gani?"

Mama akainuka. Kisha akajitanda khanga. "Chukua kopo la dawa. Twende kwa Sekela."

Sekela ni bibi shamba wa kata. Alimwambia Herieth asome maandishi ya kopo.

"Subiri siku saba kabla ya kuvuna," Herieth alisoma.

"Siku saba!" mama alishtuka. "Mie nilijua kuosha kunatosha."

"Kuosha kunapunguza, dada, hakumalizi," alisema Sekela. "Na kila dawa ina siku zake. Msikisie, someni kopo. Tena mnapulizia matuta yote ya nini? Kagueni moja moja. Viwavi wakiwa wachache, waokoteni. Wakizidi, pulizia tuta hilo tu, ukiwa umefunika mikono, pua na mdomo. Chomeka kijiti chenye tarehe. Na mpande kwa zamu, ili moja likisubiri, jingine livunwe."

Wiki ile hawakuuza kitu. Ilikuwa ngumu. Siku saba zilipotimia, Demetria alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mwinshehe.

"Kaka, nisamehe. Siku za kusubiri sikuzijua. Lakini niliogopa kuula ule mchicha, na bado nikakuuzia."

Mwinshehe alimtazama sana. "Nitakuja nione," akasema.

Alikuja, akanunua kidogo. Akaja tena. Mwezi uliofuata alisimama penye tuta moja lililonawiri.

"Nikatie hapa."

"Hapo pana kijiti, kaka. Bado siku tatu."

"Nakuongeza hela."

"Hata uje na gunia la hela. Sikati."

Mwinshehe akaangua kicheko. "Nilikuwa nakupima, mama Herieth! Haya, nikatie pale pengine. Mafungu yote, na mawili ya mama."

Akajaza tenga, akaenda zake.

Jioni Herieth aliuliza, "Mama, mboga ya kupika nikate wapi?"

"Hapo hapo tulipomkatia Mwinshehe."

Herieth akainama, akakata.