Tambiko Lisilokauka

Tambiko likimwagwa chini, hukauka. Hilo halihitaji elimu. Hata mimi niliyefeli kemia mara mbili, na mara ya pili kwa kuangalizia kwa mtu aliyekuwa keshafeli tatu, nalijua. Gini hugusa sakafu, hunuka kidogo, hupotea, na watu wa Kumasi husema marehemu amekunywa.

Lile alilomwagiwa marehemu Agya Asumadu, Mzee Asumadu kwa lugha yao, kwenye sakafu ya maabara aliyoitumikia, asubuhi ya pili lilikuwa limelala palepale, linang'aa.

Aliyeliona kwanza ni Maame Pomaa, mfagiaji wa maabara ya kemia pale chuoni. Aliegemea fagio akatazama sakafuni kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Madamu Fremah, njoo uone. Mzee wako amekataa kunywa."

"Amekataa nini? Unyevu tu huo."

"Unyevu? Na harmatani hii, upepo wa vumbi unaopasua midomo? Leo nimefua kitambaa, sijamaliza kukamua kimekauka." Akashusha sauti. "Marehemu akikataa kinywaji, kuna mtu humu ana neno lake."

Fremah alicheka. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa maabara, kwenye kiti alichokalia Asumadu miaka thelathini. Lakini kicheko hakukimaliza, maana hapo hapo alijua ni nini kile kilichokuwa sakafuni.

Chini ya meza yake zilikuwapo chupa mbili za gini, za kijani, za pembe nne. Moja ilinunuliwa kwa tambiko la mwaka mmoja wa marehemu. Ya pili aliijaza mwenyewe mabaki ya kazi: kitu ambacho wanafunzi walikiita chumvi ya maji. Ni chumvi kweli, ila imekataa kuganda. Nzito kama mafuta ya kula, haina rangi, haina harufu, wala haipandi hewani hata uikodolee macho mpaka uote mvi. Siku ya tambiko, humo humo maabarani, mkuu wa ukoo aliponyoosha mkono mbele ya jamaa wote, Fremah aliinama kwa haraka akampa chupa siyo. Mzee akamimina, akaita, "Asumadu, pokea kinywaji chako." Pua za watu zilikuwa zimezibwa na vumbi, hakuna aliyegundua. Mkuu wa ukoo ana kisukari, hakuonja. Angeonja, hadithi hii ingekuwa na maiti wawili.

Na haikuwa mara ya kwanza chupa ya Fremah kumfikia Asumadu.

Mzee huyo alikuwa na sheria moja. Kila chupa iandikwe mambo matatu: kilichomo, tarehe, mwenyewe. "Chupa isiyo na jina inatafuta mwenyewe," alikuwa akisema, huku akiigonga kwa pete yake ya shaba: kii, kii, kii. Fremah alimwona mzee wa kero. Kabla mzee hajastaafu, Fremah aliacha mabaki ya chumvi hiyo yamechanganyika na maji ndani ya chupa ya gini, dirishani, juani, miezi kadhaa, bila karatasi. Chumvi ile ikikaa na maji na joto huoza, na katika uozo wake huzaliwa asidi inayokula kioo. Kioo, jamani! Kile ambacho asidi nyingine zote hulala ndani yake kwa adabu. Sasa kinachokula kioo, kitauonea haya mfupa?

Asumadu aliiona chupa imefanya ukungu, akaichukua akaiondoe kwa usalama. Ilikuwa inavuja, na glavu yake ilikuwa na tundu. Hakusikia kitu. Ndiyo tabia ya asidi hiyo: huingia kimya, kama mgeni anayemjua paka wako kwa jina, na maumivu huja jioni, yakitokea ndani. Hospitali wakamkata vidole vitatu vya kati vya mkono wa kulia.

Daktari Bonsra, mkubwa wa maabara, akauliza, "Ilikuwa chupa ya nani?"

Fremah akajibu kabla mzee hajafumbua mdomo. "Yake mwenyewe, Daktari. Si mnamjua na chupa zake za gini?"

Asumadu akastaafishwa kwa uzembe. Na Kumasi, mkono wa kushoto hautoi, haupokei, hausalimii. Ukimpa mtu, umemtukana. Misibani, pale wageni wanapopita kushikana mikono na mstari mzima wa wafiwa, yeye alinyoosha kilichobaki, gumba na kidole cha mwisho, na watoto wakamwita Agya Kaa. Wakubwa wakawakemea huku wakicheka. Akaacha kwenda misibani. Mtu wa Kumasi akiacha kwenda misibani, ujue ameanza wake.

Basi Fremah alivaa glavu, akapangusa sakafu kwa matambara, akayafunga kwenye mfuko na kusema kazi imekwisha. Kesho yake tambiko lilikuwa limerudi. Safari hii lilikuwa na umbo. Upande mmoja limechomoza gumba, upande wa pili kidole cha mwisho. Katikati, hamna kitu.

"Usikanyage," Maame Pomaa alinong'ona. "Huo ni mkono."

"Nyamaza, wanafunzi watasikia."

"Wameshaisikia pete, madamu. Wewe hujaisikia?"

Aliisikia saa sita mchana, jua likiwa jekundu nyuma ya vumbi. Kii, kii, kii, ikitoka ndani ya kabati la vyombo alilolifunga kwa ufunguo uliokuwa mfukoni mwake. Alipolifungua, harufu ya gini ilimpiga usoni kama pumzi ya mlevi, na akaona kwamba birika za kioo, mirija, chupa na bakuli, vyote alivyoviosha jana na kuvipanga vikiwa safi, vimeota ukungu mweupe, ukungu kama wa mtu aliyepuliza kioo siku ya baridi, ila alipoupangusa kwa kitambaa haukutoka, akaupangusa tena kwa nguvu haukutoka, akapitisha ukucha na kuhisi mikwaruzo midogo midogo, ndipo akaelewa kwamba ukungu ule haukukaa juu ya kioo bali ndani yake, na kwamba yeyote aliyekuwa akipumua alikuwa akipumua kutokea huko.

Maame Pomaa hakumsubiri Daktari Bonsra amalize kusema kwamba ni tatizo la sabuni. Alimleta Nana Birago, mganga, mwanamke mfupi aliyepakwa udongo mweupe usoni na kushika simu mbili. Kwetu pwani tungemwagia chumvi, maana jini haliwezi chumvi. Lakini jini lenyewe likiwa ndiyo chumvi, utalifukuza kwa nini? Sukari?

Nana Birago alichuchumaa kando ya ule mkono wa sakafuni, asiuguse. Jamaa wa marehemu walikuwa wamesimama mlangoni pamoja na mkuu wa ukoo.

"Huyu hafukuzwi," alisema. "Ana neno lake, apewe. Nani alimpa kinywaji kibaya?"

Fremah akainua kidole. "Nilikosea chupa, Nana."

"Basi leo utampa kizuri, kwa mkono wako wa kulia. Na utasema neno lake mbele ya watu wake. Neno lenyewe, mwanangu, si jirani yake. Usiposema, atachukua anachokosa."

Fremah akautazama mkono wake wa kulia. Kisha akamtazama Daktari Bonsra, akakitazama kile kiti. Akavaa glavu mpya, akapokea chupa ya gini iliyofungwa bado, akaifungua mbele ya wote.

"Agya Asumadu," alisema, sauti ikitetemeka vizuri kabisa, "nisamehe. Ulipougua sikuja kukuona."

Akamimina. Gini ikagusa ule mkono, na mbele ya macho yao mkono ukanywea, ukafifia, ukapotea. Sakafu ikabaki kavu na vumbi lake.

"Amekunywa!" Maame Pomaa akapiga makofi. Jamaa wakapumua.

Nana Birago alikuwa akikusanya simu zake. "Amekunywa gini," alisema bila kugeuka. "Kiu ya neno bado anayo."

Walipoondoka, Fremah alivua glavu. Ndani yake palikuwa na ubichi. Si jasho. Kilikuwa kizito, hakina rangi wala harufu, kimemfunika vidole vitatu vya kati. Hakikuuma hata chembe.

Alikijua. Alinawa chini ya bomba huku akilia, akakimbilia kisanduku ukutani panapokaa jeli ya kalsiamu, dawa ya kwanza ya asidi ile. Tyubu ya jeli ilikuwa ngumu kama kuni, muda wake umepita miaka miwili. Daftari lililoning'inia pembeni lilisema kila mwezi, kwa mwandiko wake mwenyewe: ipo, ipo, ipo.

Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Lakini hospitali wangeuliza ni kitu gani, kimetoka chupa ipi, chupa ya nani. Huenda ni jasho, alijiambia. Akaenda nyumbani.

Jioni alikaa kula fufu, ugali wao wa muhogo. Akachovya vidole kwenye mchuzi wa moto na hakusikia joto. Kisha kitu kikaamka ndani ya mifupa, kikaanza kutafuna kuelekea nje, polepole, bila njaa, kama kina usiku kucha. Majirani walivunja mlango kwa mayowe yake.

Daktari Bonsra alikuja wodini asubuhi, baada ya kisu kumaliza kazi. Mkono wa kulia wa Fremah ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe, mkubwa kama boga.

"Pole, madamu. Ilikuwa chupa ya nani?"

"Yangu," alisema Fremah. Midomo ilikuwa imekauka. "Na ile ya kwanza pia. Ya Asumadu. Nilikudanganya, Daktari, ilikuwa yangu."

Muuguzi alikuwa ameingia kubadilisha maji ya mshipa, akainamia bandeji, akakunja uso.

"Nani kabandika karatasi hapa? Mgonjwa katoka chumba cha upasuaji sasa hivi."

Ilikuwa karatasi ndogo ya maabara, wino wa buluu. Mwandiko ulijikongoja kama wa mtu aliyejifunza uzeeni kuandika kwa mkono wa kushoto. Daktari Bonsra aliujua. Alikuwa na barua tatu za mwandiko huo kwenye droo yake, zote zinaomba uchunguzi urudiwe, na hakuijibu hata moja.

*Kilichomo: vidole viwili. Tarehe: ya leo. Mwenyewe: Fremah.*

Daktari akavua miwani ili asome vizuri. Akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua, akaifuta tena kwa nguvu.

Ukungu haukutoka.