Chuma cha Kumi

Jumanne ile ilianza vizuri tu. Klabu ya mazoezi ya mtaa ilikuwa inatimiza miaka ishirini, wanachama wakakubaliana historia yake iandikwe na kubandikwa mlangoni, na kazi ikamwangukia mama mmoja kijana mwenye binti wa miezi saba. Walikuwa wamempa ukatibu kwa sababu moja: mwandiko wake unasomeka. Tangu hapo, hata sokoni, yeye ni Katibu.

Klabu haina mwenyewe mmoja, ni ya mtaa mzima. Jengo lilikuwa la kusagia unga. Waanzilishi walikwangua unga ulioganda ukutani, wakapaka chokaa, na kwa kuwa vyuma vya kunyanyua vya dukani hawakuviweza, wakamimina saruji kwenye makopo ya rangi na kuchomeka kipande cha bomba kiwe mshikio. Vikabaki kuitwa vyuma. Kila mmoja aligandamiza kiganja chake kwenye saruji mbichi, na wakawekeana sharti: anayeondoka klabuni anavunja chuma chake kwa nyundo, kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajaaga. Havunjiwi na mtu.

"Mlianza wangapi, Kocha?" Katibu alimuuliza mzee anayewafundisha, mmoja wa waanzilishi, daftari mkononi, mtoto mgongoni.

"Tisa. Na wote bado tupo."

Katibu akavihesabu vyuma vya zamani. Tisa chini ya dirisha, na kingine nyuma ya kioo kilichopasuka, kimefunikwa gunia.

"Mbona viko kumi?"

"Tisa, mwanangu. Andika tisa." Kocha akachukua ufagio, akaenda kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Katibu angeachia hapo. Lakini yeye ni mtu wa kumaliza kazi, na Kocha alipotoka kwenda kuchota maji, alikiburuta kile cha kumi kwa mikono miwili, akihema, akakisugua kwa brashi. Kiganja cha mwanamke kikajitokeza. Pembeni yake kingine, kidogo, cha mtoto ambaye hata kutambaa hajajua. Binti yake akainama kutoka mgongoni, akanyoosha mkono, akautia mle.

Ulienea kama umepimwa.

"Haa! Mwanachama mpya huyo!" alicheka msusi wa mtaa, mwanachama mwenzake, aliyekuwa akiruka kamba pale karibu. "Kesho mletee na raba!"

Katibu naye akacheka. Akauvuta mkono wa mwanawe. Ukagoma. Akauvuta tena, ukatoka, na ulikuwa wa baridi.

Jumatano mabega yalimuuma, akasema ni mazoezi. Alhamisi mbeleko ilimkata begani mpaka ikaacha mstari mwekundu, na alipombeba mtoto kwenda dukani alipumzika mara tatu njia ile ile anayoipita mbio kila siku. Baba mtoto alikuwa safarini na lori lake. Alimpigia simu, naye akamtania, "Si unamnyonyesha kama mashindano!" Katibu hakucheka. Ijumaa asubuhi akaenda kliniki.

"Kilo saba kamili," nesi alisema. "Hajaongezeka hata kidogo."

Nesi akainama kumtoa kwenye mizani. Akasita. Akaweka miguu sawa, akainua kwa kukaza meno. Akatazama mizani, akamtazama mtoto, kisha akasema polepole, "Mama, njoo umchukue mwanao."

Hakumwambia arudi lini.

Katibu alifika klabuni mchana, ameishikilia mbeleko kwa mikono miwili, na kitu cha kwanza alichokiona ni msusi amekining'iniza kile chuma cha kumi kwa kidole kimoja, anakizungusha.

"Jamani, hii nayo ni saruji au sponji?"

Kocha alikuwa anaingia. Ndoo ilimwanguka.

"Nani alikitoa?"

"Mimi," Katibu alijibu. "Kocha, mwanangu anazidi kuwa mzito, sijui nini, mizani haioni lakini mimi naona, nesi kaona, nataka nimweke chini kidogo nipumue..."

"Usimweke chini!"

Hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Kisha akanong'ona, macho yakiwa sakafuni.

"Kilikuwa cha mke wangu. Alikuwa amembeba binti yetu siku tunamimina. Mtoto akainama, naye akaweka mkono, tukacheka sote. Wiki haikuisha hambebeki. Akamketisha pale," akaonyesha nyuma ya kioo, "akaja kuniita. Nilikuwa hapo mlangoni tu. Tulikuta mbeleko."

"Na mtoto?"

"Mbeleko, mwanangu. Imefungwa fundo vile vile."

Msusi aliweka chuma chini taratibu. Hakikutoa sauti.

"Mama yake akaondoka bila kukivunja. Mimi nilijaribu. Nyundo iliruka. Mkono si wangu." Kocha akamtazama mtoto. "Wa huyu umo mle sasa, akikipiga yeye kitavunjika. Na yeye bado yupo."

Katibu alimzungusha mtoto mbele. Akachuchumaa vile alivyofundishwa, magoti nje, mgongo wima. Akakiweka kiganja cha mwanawe kwenye mpini wa nyundo aliyopewa na Kocha, akamshika kifundo cha mkono.

Pigo la kwanza. Saruji haikukwaruzika.

Uzito ukaongezeka. Mapaja yakawaka.

"Usikae," Kocha alinong'ona. "Mama, usikae."

Pigo la pili. Goti likagusa sakafu. Mtoto hakulia. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la mama yake, anatabasamu.

La tatu.

Kikapasuka.

Uzito ukamtoka ghafla, nusura aanguke kifudifudi. Mtoto akawa mtoto. Mwepesi, mwenye joto, anatafuta ziwa. Katibu akalia kwa sauti, msusi naye akalia, vipande vimetapakaa, vitupu ndani.

Kocha hakulia. Alikuwa anatazama mgongo wa Katibu, mtupu, hauna mtu. Walipotoka alisimama mlangoni akipunga mkono. Akapunga vile watu wazima wanavyowapungia watoto, kwa vidole.

"Anampungia nani yule?" msusi aliuliza. Binti wa Katibu alikuwa amelala kifuani kwa mama yake.

Nyumbani jua lilikuwa bado kali. Katibu alitundika mbeleko kwenye msumari nyuma ya mlango, akaketi kitandani, akampakata mwanawe, akamnyonyesha. Akahesabu vidole vyake. Vyote. Joto. Kilo saba zake halali.

Kitu kikalia *kwii*.

Akainua macho. Mbeleko haikuwa imenyooka. Ilikuwa imevimba chini, ya mviringo, kama ina kitu ndani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na upepo.

Msumari ulikuwa unapinda.