Mdogo Wangu Alisema Mume Wangu Alikuwa Amelewa

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na tisa, mkulima wa Zombo, wilayani Kilosa. Wasomaji wenzangu, haya ninayoyaandika hata mchungaji wangu sijawahi kumweleza yote...

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa fundi kwenye meli ya kuchimba tope ili kuongeza kina bandarini Dar es Salaam. Mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa, akapunguzwa kazi. Tukarudi kwetu Kilosa mikono mitupu.

Aliyetupokea ni mdogo wangu Anselmi, niliyemlea mgongoni. Alikuwa msimamizi wa kampuni binafsi iliyopewa kazi ya kuondoa mchanga katika mto Mkondoa. Akampa shemeji yake aendeshe mashine ya kunyonya tope, iliyofungwa juu ya pantoni, jukwaa la chuma linaloelea mtoni. Nilishukuru jamani!

Baba Neema aliijua kazi ile. Bomba likiwa linanyonya, macho yake hayabanduki kwenye geji inayopima nguvu ya mvuto. Aliniambia mchanga hugongagonga ndani ya bomba, mfinyanzi huilemea injini, lakini sindano ya geji ikianguka ghafla, basi chini ni tope tupu, hapashiki kitu.

Siku hiyo nilimpelekea chakula. Nikamkuta amezima injini karibu na tuta linalozuia mto usiingie mjini. Alikuwa akimweleza Anselmi kwamba sindano imeanguka, chini ya tuta ni laini, akiendelea litamwangukia. Anselmi akasema wakubwa wanakuja kukagua, lazima kina kilichopangwa kifikiwe.

"Shemeji, kama umechoka, wanaoitaka kazi hii wako wengi."

Baba Neema alinitazama. Kisha akawasha injini...

Tuta lilimeguka mbele ya macho yangu. Likaifunika pantoni, na yeye humo humo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka! Walipomtoa, alikuwa ameshakufa.

Kwenye uchunguzi, Anselmi alisimama akasema marehemu alikuwa amelewa, akasogeza mashine bila kuamriwa. Mume wangu, ambaye pombe hakuwahi hata kuionja! Nikasimama kueleza niliyoyasikia kwa masikio yangu. Wachunguzi wakasema mke lazima amtetee mumewe.

Nikakimbilia kwa mama. Alilia sana, kisha akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Mkwe nimeshamzika. Na huyu wa kiume mmoja niliyebaki naye unataka afungwe?"

Nani tena angenisikiliza? Neema aliitwa mtoto wa mlevi mpaka akaacha shule. Anselmi akahamia Mikumi, akajenga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu.

Mwaka jana tulimzika mama. Anselmi alinijia mbele ya waombolezaji, akainamisha kichwa. "Shikamoo, dada."

Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje, na watu wanatazama? Sijamsamehe, wala sioni siku nitakayoweza...

Ndugu zangu, mtu wenu akiwaambia ardhi anayofanyia kazi si salama, mwondoeni hapo hapo, hata kama bosi ni damu yenu. Msingoje aamue peke yake. Njaa tungeizoea. Hili mimi sijalizoea mpaka leo.