Maandishi ya Mkaa Mlangoni kwa Klara

Kila Jumatatu na Ijumaa, baada ya masomo, Hidaya alikuwa na kazi ambayo wenzake wa darasa la sita hawakuwa nayo. Alipita kwenye steshenari ya Klara, karibu na soko la Lushoto, kuuliza kama Ujerumani wamejibu.

Mama yake, Mwanahawa, alikuwa muuguzi huko Ujerumani katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliondoka Hidaya akiwa darasa la nne. Walikubaliana kwamba akishapata mkataba wa kudumu, baba ataomba viza ya kumfuata mke wake, na Hidaya ataandamana naye. Mkataba ulipatikana, maombi yakapelekwa. Klara ndiye aliyejaza fomu kwenye kompyuta yake na kuskani vyeti. Kwa kuwa baba hakuwa na barua pepe, aliweka ya steshenari. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu siku hiyo.

"Shikamoo, anti Klara."

"Marahaba, Hidaya. Habari za shule?"

"Nzuri. Wamejibu?"

Klara alibonyeza vitufe, akatazama kioo cha kompyuta. "Ukurasa unasema ombi linashughulikiwa."

Maneno yalikuwa hayohayo. Mwezi wa tatu ukurasa uliwahi kusema nyaraka hazijakamilika. Wiki mbili baadaye ulirudi kusema ombi linashughulikiwa, na hakuna aliyemweleza Hidaya ni nyaraka zipi zilizopungua. Kila alipomuuliza Klara, yule mama alisita, akapanga upya karatasi zilizokuwa tayari zimepangwa, kisha akasema, "Mwambie baba yako apite mwenyewe."

Hidaya alipanda njia ya Irente hadi nyumbani kwao Yoghoi, akamkuta baba yake, Zuberi, akipalilia karoti.

"Baba, anti Klara anasema upite."

"Nilishapita," alijibu baba bila kuinua kichwa. "Hana jipya."

Jumamosi jioni mama alipiga simu. Hidaya alikuwa jikoni akimenya viazi, na sauti ya mama kwenye spika ya simu ilimfikia vizuri kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Wenzangu wawili waliomba baada yetu, na waume zao wameshafika," alisema mama. "Mimi nikitoka kazini nakaa chumbani natazama ukuta. Niambie ukweli, baba Hidaya. Tatizo liko wapi?"

Baba akasema, "Ni huyu Klara wa steshenari. Karatasi zinakaa kwake tu."

Hidaya alimsikia mama akivuta makamasi, akajua analia. Kisu kilisimama juu ya kiazi. Kumbe ndiyo maana Klara alikuwa akisita. Kumbe mtu aliyemwitikia marahaba kila wiki ndiye aliyemfungia mama yake nchi za mbali. Kitu cha moto kilimkaa Hidaya kifuani, na usiku ulipoingia hakikupoa.

Jumatatu alimweleza Lucy, rafiki yake wa dawati moja.

"Mimi ningemnyima shikamoo," alisema Lucy.

Hidaya alifanya hivyo siku hiyohiyo. Aliingia dukani, akasimama mbele ya meza, akasema, "Wamejibu?" Klara aliinua macho akamtazama. Wateja wawili waligeuka. Mtoto wa Lushoto hamsemeshi mtu mzima namna ile.

"Hidaya, kuna nini?"

"Hakuna. Nimeuliza kama wamejibu."

Alitoka akiwa na furaha ya ajabu. Lakini kufika mlima wa Yoghoi furaha ilikuwa imekwisha, na akaona alichofanya ni kidogo. Klara angeenda kwake kula chakula cha jioni na watoto wake, huku mama yake yeye akitazama ukuta. Hidaya alitaka Klara naye akose usingizi. Alitaka aulizwe maswali na ashindwe kuyajibu.

Siku mbili nzima alitengeneza mpango wake. Darasani mwalimu alieleza hesabu za sehemu, Hidaya akachora herufi kubwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari na kuzifuta. Alipomwonyesha Lucy, Lucy aliyasoma maneno yale mara mbili.

"Hili si kama shikamoo," alisema. "Una hakika ni yeye?"

"Baba amesema."

"Mimi simo," alisema Lucy, akasogeza daftari lake upande wa pili wa dawati.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Hidaya aliamka alfajiri, akachukua kipande cha mkaa jikoni, akamuaga baba akisema anawahi kufanya usafi shuleni. Ukungu ulikuwa mzito hata nyumba za ng'ambo hazikuonekana. Alipofika steshenari, milango yote ilikuwa bado imefungwa. Aliandika kwa herufi kubwa juu ya mlango uliopakwa rangi nyeupe: KLARA ANAFICHA KARATASI ZA WATU. Akanawa mikono bombani, akaenda shule.

Klara aliyafuta maandishi yale kwa sabuni na maji, lakini akina mama wa Soni na Mlalo walioshusha kabichi na plamsi walikuwa wameshayasoma. Kufika saa sita soko zima lilikuwa na habari hiyo, tena imeongezewa. Mmoja alisema Klara anauza vyeti. Mwingine alisema amepoteza hati ya shamba la mjane. Mzee aliyekuwa amempelekea fomu za pasi ya kusafiria za binti yake alikwenda kuzichukua, na wengine wakamfuata.

Ijumaa, kwenye mstari wa asubuhi, Mwalimu Mkuu Eliaichi alitangaza kwamba mitihani ya muhula haitachapwa tena kwa Klara. "Shule haiwezi kupeleka mitihani mahali penye maneno," alisema.

Lucy alimtazama Hidaya. Hidaya alitazama mbele. Moyoni alikuwa akisema, bado, bado, na aone.

Alasiri hiyo alipita mbele ya steshenari kwa makusudi. Ndani hapakuwa na mteja hata mmoja. Klara alikuwa ameketi, mikono mapajani, na mashine ya kutolea nakala ilikuwa imezimwa. Hidaya alijiambia kwamba anafurahi. Alijiambia tena alipokuwa anapanda mlima, na mara ya tatu alipofika nyumbani.

Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha tangu mchana. Hidaya alikuwa jikoni akichochea maharage aliposikia hodi. Alichungulia, akamwona Klara amesimama kibarazani, viatu vimejaa tope, sketi imelowa hadi magotini. Kwapani alikuwa na bahasha aliyoivika mfuko wa plastiki.

"Onga mshi, baba Hidaya," alisalimia kwa Kishambaa.

Baba alimkaribisha ndani. Klara hakukaa. Alitoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka mezani.

"Imeingia leo saa nne asubuhi. Hii ni ya tatu. Ya kwanza nilikupa mkononi mwezi wa tatu, ya pili mwezi wa sita. Wanauliza kitu kilekile: kwa nini cheti chako cha kuzaliwa kinasema Zuberi Kihiyo, na cheti cha ndoa kinasema Zuberi Shekivuli. Safari hii wametoa siku kumi na nne. Zikipita, wanafunga faili."

Mwiko ulimponyoka Hidaya ukaangukia majivuni.

Baba hakuigusa karatasi. Aliinuka, akaenda kwenye koti lake la mvua lililoning'inia mlangoni, akatoa mfukoni karatasi mbili zilizokunjwa na kulowana pembeni. Akaziweka mezani juu ya ile ya tatu.

"Niliogopa," alisema. "Siku ya nikahi niliandikisha jina la babu, kwa sababu ndilo watu wa kwetu walilonijua nalo. Barua ya kwanza ilipokuja, jamaa mmoja pale Mazinde akaniambia mtu mwenye majina mawili wanamhesabu mghushi. Nikaona nikijibu nitafungwa, na mama Hidaya atafukuzwa kazi. Nikasema labda nikinyamaza watasahau."

"Ungeniuliza," alisema Klara. "Nimeshawajazia watu wengi wenye majina mawili. Ni kiapo cha mahakamani tu."

"Nilishindwa. Na mke wangu alipoulizia nilikutaja wewe. Nilimwambia karatasi zinakaa kwako."

"Sasa nimeelewa," alisema Klara. Kisha akageukia jikoni. "Hidaya, njoo."

Hidaya alitoka. Alipomtazama baba yake aliona hajui lolote kuhusu mlango wala mkaa, akatambua kwamba ni yeye mwenyewe atakayelazimika kusema.

"Baba, mimi ndiye niliyeandika mlangoni kwa anti Klara. Nilisikia ukimwambia mama kwenye simu."

Baba alikaa kama mtu aliyepigwa. Klara hakuonyesha kushangaa.

"Nilijua," alisema. "Mzee Bakari, fundi viatu, alikuona unanawa mkaa bombani ukiwa na sweta la shule. Aliniambia siku ileile."

"Mbona hukuja kunisema?" aliuliza Hidaya kwa sauti ndogo.

Klara alivuta kiti, akakaa. "Kwa sababu na mimi nilikuwa nangoja siku yangu. Leo barua hii ilipoingia, niliikalia saa nzima, Hidaya. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameiona. Ningeifuta kwa kidole kimoja, na mama yako asingewaona tena mwaka huu wala mwaka ujao. Nilikumbuka mwalimu mkuu alivyochukua mitihani yake bila kuniuliza. Nikaweka kidole juu ya kitufe."

Nje mvua ilipiga bati.

"Kilichonizuia si wema," aliendelea Klara. "Niliona tu kwamba nikiifuta, maneno uliyoandika yatakuwa ya kweli. Nitakuwa kweli ninaficha karatasi za watu. Nikaichapa, nikafunga duka, nikapanda kuja huku."

Hidaya alianza kulia. Klara hakumbembeleza. Alisema, "Machozi yako hayatanisaidia. Kuna watu sokoni wanaoamini mimi ni mwizi."

Kesho yake asubuhi baba na Hidaya walianzia ofisini kwa Mwalimu Mkuu Eliaichi. Hidaya alisema yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akajiona na yeye ana sehemu yake katika kosa hilo. Alimpa Hidaya wiki mbili za kufagia maktaba. Halafu akachukua kofia yake, akaenda mwenyewe kwa Klara kuomba radhi na kurudisha mitihani.

Alhamisi, soko likiwa limejaa, Hidaya alipita kwa akina mama mmoja mmoja, baba yake akiwa nyuma yake. "Shikamoo, mama. Yale maandishi mlangoni kwa anti Klara niliandika mimi, na ni uongo." Baadhi walimkaripia. Mmoja alimwambia angekuwa wake angemchapa. Wengine waliendelea kupima viazi kama hawakusikia, na hao ndio waliomuumiza zaidi. Kila alipomaliza kusema, baba aliongeza, "Na uongo huo ulianzia kwangu." Haikuwa rahisi kwa mtu mzima kusema hivyo mbele ya wauzaji na wateja wao.

Kabla ya siku kumi na nne kwisha, baba alikuwa ameapa mbele ya hakimu kwamba Zuberi Kihiyo na Zuberi Shekivuli ni mtu mmoja. Kiapo kilipigwa mhuri, kikatafsiriwa, na Klara akakituma. Mama aliambiwa tu kwamba walidaiwa karatasi moja na imepelekwa.

Ukurasa ulirudi kusema ombi linashughulikiwa. Wiki zikapita, karoti zikavunwa. Hidaya aliendelea kwenda Jumatatu na Ijumaa, na sasa alibaki pale kubana mitihani kwa stepla mpaka saa kumi na moja. Klara hakuwa na maneno mengi naye. Alimwonyesha kazi, akamwangalia, akamwonyesha nyingine.

Ijumaa moja ya wiki ya nane, Klara aligeuza kioo cha kompyuta ili Hidaya asome mwenyewe. Viza ya baba ilikuwa imekubaliwa, na ya kwake pia. Walitakiwa kupeleka pasi zao.

Baba aliitwa kutoka shambani, akafika na jembe begani. Alisoma barua mara tatu. Kisha akasema, "Klara, sijui nikushukuru vipi."

"Nishukuru kwa kumwambia mama Hidaya ukweli," alisema Klara. "Mpaka leo anajua mimi ndiye niliyemchelewesha."

Baba aliinamisha kichwa.

Hidaya aliuliza, "Anti, umeshanisamehe?"

"Nilikusamehe siku uliyopita sokoni. Kukuamini ndiko kulikochukua wiki hizi zote." Klara aliweka barua kwenye bahasha. "Sikia, Hidaya. Mtu akiwa na uchungu hutafuta wa kumbebesha, na huwa anamchukua aliye karibu. Wewe ulinichukua mimi, baba yako alinichukua mimi, na mimi nusura niwachukue ninyi. Siku nyingine ukiumia, uliza kwanza. Uliza mpaka ujibiwe. Na ukishajua ni nani, mwambie usoni. Usimwandikie mlangoni."

"Nimesikia, anti."

Walitoka nje, wakasimama pembeni mwa barabara pasipo na kelele. Baba alitoa simu, akaishika kidogo bila kubonyeza. Kisha akapiga. Mama alipokea mara moja.

"Mama Hidaya," alisema baba, "nina mambo mawili. Moja ni zuri, na utalisikia. Lakini ngoja kwanza nikuambie lile lingine, maana hilo nimelifanya mimi."