Umeshika?

Helmeti ya abiria ilikuwa na ukungu kwa ndani.

Mwalimu aliuona alfajiri, alipokuwa akifuta pikipiki yake kama ilivyo kawaida yake kabla ya kwenda kulala. Akakipangusa kioo, akaitundika helmeti kwenye ndoano yake nyuma ya siti, akaenda kunawa mikono. Aliporudi, kioo kilikuwa kimejaa ukungu tena, nao ulikuwa ukipungua na kuongezeka, ukipungua na kuongezeka, kama pumzi za mtu aliyelala usingizi wa raha.

Akaifunika helmeti kwa kitambaa. Akaingia ndani. Hakumwambia mtu.

Tumsamehe kwa hilo, maana alikuwa na jina la kulinda. Madereva wenzake walimwita Mwalimu ingawa hajawahi kushika chaki. Walimwita hivyo kwa sababu aliwahubiria, watake wasitake, namna ya kuendesha pikipiki usiku. Kioo cha helmeti kiwe cheupe, si cheusi, hata kama cheusi kinakupendezesha. Vaa nguo mbili chini ya koti la kung'aa, maana vidole vilivyokufa ganzi havijui breki iko wapi. Gari likikujia na taa kali, usilitazame machoni, tazama ukingo wa barabara. Na abiria naye ni binadamu: siti yake ya nyuma ilikuwa na sponji tabaka mbili, na shokapu, zile springi za kumeza mashimo, zilikuwa laini kiasi kwamba kuna mzee aliwahi kusinzia hadi akapitilizwa nyumbani kwake.

Lakini sheria kuu ilikuwa moja. Kabla ya kuachia klachi aliuliza, "Umeshika?" Na hakuondoka mpaka asikie, "Nimeshika."

Sheria hiyo ilikuwa na historia. Miaka sita nyuma aliondoka bila kuuliza, na msichana aliyekuwa bado anaweka sawa mkoba wake akabaki barabarani na mfupa wa bega umevunjika. Mwalimu alikwenda hospitali kumwomba radhi, akaenda tena, akaenda na matunda, mwisho wakaoana. Mkewe, ambaye sasa alikuwa mkunga wa zamu za usiku, aliwaambia watu kwamba alikubali ndoa ili apate usafiri wa uhakika. Kila jioni alipanda nyuma, akaulizwa, akajibu, ndipo wakaondoka. Nimeona ndoa zinazosimama juu ya kitu kidogo kuliko hicho.

Sasa, siku tatu kabla ya ule ukungu, Mwalimu alikuwa peke yake. Alikuwa amemshusha abiria wa mwisho, mvua ikamkamata njiani, akajibanza chini ya paa la kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, pampu zimeng'olewa, zimebaki nyaya tu. Akafuta kioo chake. Mvua ilipopungua akapanda, akawasha, na kwa mazoea, kama mtu anayebonyeza swichi huku anajua umeme umekatika, akauliza, "Umeshika?"

"Nimeshika," ikajibu sauti nyuma yake.

Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa na adabu, sauti ya abiria mstaarabu. Kwenye kioo cha pembeni hakuona kitu ila mvua, lakini mikono miwili ya baridi ikamzunguka kiunoni, vidole vikafungana juu ya kitovu chake, na harufu ya sponji iliyolowa na kuozea gizani ikapanda mpaka ndani ya helmeti. Akaendesha hadi nyumbani kwa mwendo uleule wa siku zote, kwa sababu hata akiwa roho mkononi mtu huyu hakujua mwendo mwingine.

Alipofika akasema, "Tumefika." Mikono haikuachia.

Siku ya sita alikwenda kwa fundi, ambaye ni kaka wa mkewe.

"Shemeji," alisema fundi, "unabeba nini usiku? Saruji?"

Pikipiki ilikuwa imesimama yenyewe, haina mtu juu yake, na shokapu za nyuma zilikuwa zimekandamizwa mpaka mwisho.

"Zimechoka tu."

"Nimezifunga mwezi jana. Usinitukanie kazi." Fundi akachuchumaa. "Hebu sogea, unaniwekea kivuli."

Mwalimu akasogea hatua tatu. Siti ikapanda polepole, kama inavyopanda mtu anaposhuka. Wakati huohuo Mwalimu akabanwa kiunoni, kwa nguvu kuliko jana.

Fundi aliitazama siti, akamtazama shemeji yake aliyejikunja kama mwenye vidonda vya tumbo. Spana ikamtoka mkononi.

"Kimeshuka na wewe," alinong'ona.

"Najua."

"Dada yangu anajua?"

"Usimwambie."

"Anakalia siti hiyo kila jioni, wewe mtu."

Dada alijua usiku huohuo, maana ulikuwa usiku wake wa mapumziko. Mwalimu naye hakwenda barabarani; alikuwa amelala upande wa ukutani, amempa mkewe mgongo, akihesabu pumzi zake ambazo sasa zilikuwa nusunusu, kwa kuwa kila alipotoa pumzi ile mikono ilijaza nafasi iliyobaki na haikuirudisha tena, na feni ilikuwa ikizunguka, na bomba la jikoni lilikuwa likidondosha, na ile harufu ya sponji ilikuwa imeshaingia kwenye mto, na alikuwa akijiambia kwamba asipojitikisa hatajulikana, ndipo mkewe akageuka usingizini, akarusha mkono juu yake kama alivyozoea, na mkono wake ukatua juu ya mkono mwingine.

Hakupiga kelele. Mkunga anayepiga kelele hadumu kazini. Akapapasa polepole, kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo, kutoka kifundo hadi kiwiko, kama anayempima mgonjwa, na alipopita kiwiko akakuta kiwiko kingine.

"Mwalimu," alinong'ona. "Huu mkono hauna mwisho."

"Usiuguse."

"Tangu lini?"

"Siku sita."

"Siku sita unanipandisha pale nyuma umekaa kimya?"

"Niliogopa utakataa kupanda."

Mkewe aliketi kitandani. "Nilikuwa nikihisi kama nimekaa kwenye magoti ya mtu," alisema. "Nikadhani umeongeza sponji." Kisha akaweka kiganja chake kwenye mbavu za mumewe, akakikaza, akakiondoa. "Mbavu zako zinaingia ndani. Zikiendelea hivi, wiki ijayo hutapumua."

Mganga ambaye fundi aliwapeleka kwake hakuwa na pembe wala vibuyu. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea, chumba chake kiko nyuma ya duka la mitungi ya gesi, na maigizo aliyachukia.

"Nataka maneno yenyewe," alimwambia Mwalimu. "Ulisema nini?"

"Niliuliza, umeshika."

"Ukiwa peke yako."

"Mazoea, mama."

Mganga akavua miwani. "Barabara ile wanapita madereva wa kila aina. Walevi wanapita, wasio na taa wanapita, hakuna anayeguswa. Wewe umetengeneza siti ya kumbembeleza hata asiye na makalio, halafu ukamwuliza kwa upole kama ameshika. Ungekuwa wewe, usingepanda?"

Fundi akacheka, akagundua anacheka peke yake, akaacha.

"Huyo si mwizi," mganga akaendelea. "Aliulizwa, akajibu, amepanda kihalali. Usiku wa leo mrudishe alikopanda. Zima taa, vua hilo koti lako, usikwepe shimo hata moja, asione raha. Pale pale mwambie tumefika. Na kuanzia hapo, swali lile usimwulize mtu tena."

"Hata mke wangu?"

"Hasa mke wako. Atakuwa anavizia kulisikia."

"Mama," alisema mkewe, "mimi nina mfupa uliovunjika kwa sababu ya swali ambalo halikuulizwa."

"Basi uwe unashika mwenyewe, mwanangu. Yeye akihisi mikono, aondoke."

Usiku ule Mwalimu alifanya yote aliyowakataza wenzake kwa miaka. Alizima taa, na giza likaja kumgusa kwenye kioo, na akaingia kwenye shimo la kwanza kwa makusudi, huku mguu wake wenyewe ukimsaliti na kutafuta breki, akaingia la pili, la tatu, meno yakagongana, na lori lililotokea mbele likampigia honi ndefu likampita kwa kipimo cha kiganja, na mikono ile haikulegea bali ilipanda, ikatoka kiunoni ikaja mbavuni, ikatoka mbavuni ikaja kifuani, na nyuma ya sikio lake ile sauti ya adabu ikawa inasema, bila hasira, kama abiria anayetoa maoni tu, kwamba sivyo alivyozoeshwa, kwamba huu sio mwendo wake, kwamba taa, Mwalimu, washa taa, tutaumia sote, na yeye hakuwa na pumzi ya kujibu, akawa anaendesha kwa kukumbuka, mpaka lile paa la kituo cha mafuta likajitokeza jeusi juu ya weusi, akakanyaga breki.

"Tumefika," alisema, kwa pumzi iliyobaki.

Kidole kimoja kikaachia. Kingine. Siti ikapanda.

Alivuta pumzi mpaka machozi yakamtoka.

Siku saba zikapita vizuri. Harufu iliondoka kwenye mto. Kioo cha helmeti ya abiria kilibaki kikavu. Kila jioni mkewe alipanda, akamkumbatia kiunoni, na Mwalimu akaondoka kimya, swali limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Madereva wenzake walimtania kwamba amestaafu ualimu.

Jioni ya nane alikuwa ameketi juu ya pikipiki getini, injini inanguruma, helmeti kichwani.

"Nakuja, nafunga mlango," alisema mkewe kutoka ndani.

Siti ikashuka kidogo. Mikono ikamzunguka kiunoni, ya joto, vidole vikafungana juu ya kitovu. Swali likamfika ulimini. Akalimeza, akaachia klachi.

Alikuwa karibu na njia panda simu ilipoita mfukoni. Kupokea simu huku unaendesha lilikuwa somo lake la tatu, kwa hiyo aliwasha indiketa, akatoka kabisa nje ya barabara, akazima injini, akavua helmeti, akapokea kwa spika.

"Mwalimu, umeniacha," alisema mkewe.

"Nini?"

"Niko getini. Nimekuita weee, hukugeuka. Uko wapi?"

Mwalimu aliinamisha macho. Vidole vilikuwa bado vimefungana pale pale tumboni. Vilikuwa na joto. Vilikuwa vimejifunza joto, vilikuwa vimejifunza kukaa kama vya mkewe, kwa wepesi uleule, na yeye aliyekuwa na swali moja tu la kuvitambua alikuwa amelitupa kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka kusema ingia ndani, funga mlango, usiongee, lakini mikono ikambana ghafla, pumzi yote ikamtoka, mdomo ukabaki wazi bila kitu.

"Mwalimu? Upo?"

Nyuma ya bega lake, kwa sauti ambayo haikuwa tena ya abiria bali ya Mwalimu mwenyewe, ileile iliyomwondoa mkewe getini kila jioni tangu waoane, kile kitu kikauliza karibu na simu:

"Umeshika?"

"Nimeshika," mkewe akajibu, kabla hajakumbuka.

Mikono ikamwachia Mwalimu. Yote kwa mara moja. Siti ikapanda, pumzi ikamjaa kifuani, na kwa muda wa kupepesa jicho mwili wake ukafurahi, kwa sababu mwili hauna akili.

Kisha kwenye simu akasikia klachi ikiachiwa, polepole, kwa ustadi, na mngurumo wa pikipiki nyingine, maana yake ilikuwa imezimwa, ukaanza kumpeleka mkewe mbali, kwa mwendo laini wa dereva anayemjali abiria wake.