Mkono wa Gaudiose

Gaudiose aliuza avokado. Siku tatu kwa juma alibeba beseni lake kichwani, akavuka mpaka wa Rusizi ya Pili, akauza upande wa Bukavu, nchini Congo. Nyumba yake ilikuwa mteremkoni, ukingoni mwa Gihundwe. Ukitaka kumkuta nyumbani, fika mapema, maana mama huyo hajui kukaa.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, watu wa mtaa walikwenda kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Walifyeka majani kando ya barabara. Kisha wakakaa kwa mkutano. Karangwa, mkuu wa mtaa, akasimama.

"Maji ya mvua inaharibu barabara yetu," alisema kwa Kiswahili cha huko mpakani. "Tuchimbe mufereji, tupeleke maji kule chini. Benye banakubali, bainue mikono."

Watu walikuwa na njaa. Gaudiose aliwaza avokado zake, zisije zikaiva kupita kiasi. Alijua pia kwamba mkutano hauishi mpaka mikono iinuliwe. Basi akainua wake haraka, kabla Karangwa hajanyamaza. Wengine wakainua pia. Hakuna aliyeuliza huko chini ni kwa nani.

Huko chini alikaa Maman Mukundwa, mjane. Siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya mguu.

Juma lile lile wakachimba. Gaudiose alichimba kama wanaume wawili, na Karangwa akamsifu. Alichimba sehemu ya juu, karibu na barabara. Hakushuka kutazama mfereji unaishia wapi.

Mvua ikanyesha. Maman Mukundwa alirudi nyumbani akitembelea fimbo, akakuta nusu ya maharage yake yamechukuliwa na maji. Maji mengine yalisimama kwenye ukuta wa nyumba. Ukuta ulikuwa wa matofali ya udongo, na ulianza kupasuka. Mvua mbili tatu za namna hiyo, na nyumba ingeanguka.

Gaudiose alishuka mbio kumpa pole. Alimpenda sana mjane huyu. Aliporudi kutoka Congo na watoto wawili, hana hata sufuria, ni Mukundwa aliyempokea. Walilala chini ya paa moja msimu mzima wa mvua.

"Pole, Maman," alisema. "Leta njo imekufanyia hivi. Leta haina roho!" Leta kwao ni serikali.

Mukundwa akautazama ukuta wake tu. Jirani yao Marguerite alikuwa hapo, akiondoa matope kwa koleo. Marguerite alikuwa mpatanishi, mmoja wa wale wanaochaguliwa na watu kusuluhisha magomvi. Alingoja mpaka walipokuwa njiani kurudi, ndipo akauliza.

"Gaudiose, ile leta ulisema, ulikuwa nayo kwenye mukutano?"

"Unanicheka."

"Sikucheke. Uliinua mukono ao hapana?"

"Niliinua. Lakini bote baliinua! Karangwa njo mukubwa. Miye ni mwanamuke wa avokado tu."

"Karangwa eko na sehemu yake ya kosa, na inapita yako," alisema Marguerite. "Alipashwa kushuka kuangalia mbele ya kuuliza bantu. Maman Mukundwa hana sehemu, alikuwa kitandani. Batoto habana. Muntu mwenye angesema hapana, bakamushinda, huyo angekuwa amefanya yake. Lakini weye balikuuliza, ukajibu ndiyo. Nani alikushika mukono?"

Gaudiose alitazama mkono wake.

"Na jembe ulichimba nayo? Ilikuwa ya leta?"

"Hapana, ni ya..."

Gaudiose alikumbuka. Jembe lile alipewa na Mukundwa, mwaka ule aliporudi bila kitu. Kwa jembe lile alilima, akala, akalisha watoto wake. Na kwa jembe lile lile alimletea Mukundwa maji mlangoni. Aliona aibu mpaka machozi yakatoka.

"Sasa nifanye nini?"

"Kulia haizibe mufereji," alisema Marguerite kwa upole. "Bantu benye baliamua, banaweza kuamua tena. Enda kwa Karangwa leo, umuombe aite mukutano. Sema mbele ya bote kile ulifanya. Na Maman Mukundwa akuwe pale, aseme yake."

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, lakini Gaudiose hakuvuka mpaka. Katika mkutano aliouita Karangwa, Mukundwa akiwepo, alisimama mbele ya watu.

"Niliinua mukono bila kuuliza," alisema. "Nilikuwa naharakia avokado zangu. Sasa nyumba ya Maman itaanguka. Ninaomba tushuke bote, tuangalie."

Karangwa alikunja uso. Kisha akainamisha kichwa.

"Hata miye sikushuka," alisema. "Twendeni."

Walishuka wote. Walipouona ukuta ule, hakuna aliyebisha. Mukundwa akawaonyesha kwa fimbo yake njia ya zamani ya maji, ile inayopita nyuma ya mikaratusi hadi kijitoni. Mikono ikainuliwa tena, na wa Mukundwa ukiwemo. Wakachimba siku mbili, wakageuzia maji huko.

Siku ya tatu mvua kubwa ikanyesha. Maji yalipita mbali, na ukuta ukabaki umesimama.

Wakati wa mavuno, Mukundwa alipanda polepole hadi kwa Gaudiose na kikapu cha maharage.

"Aksanti, mwanangu."

"Maman, unanishukuru? Na miye njo nilikuletea maji!"

"Uliileta bila kuangalia. Uliiondoa mbele ya bantu bote. Ile ya pili njo ninashukuru."

Gaudiose alimkumbatia, naye akamshukuru kwa paa, kwa sufuria, kwa jembe. Alikuwa hajawahi kuyataja yote kwa pamoja.

Mwezi uliofuata, baada ya umuganda, Karangwa alikuwa na jambo jipya.

"Benye banakubali, bainue mikono."

Hakuna mkono ulioinuka. Avokado za Gaudiose zilikuwa zikingoja nyumbani, na jua lilikuwa kali. Alisimama na jembe lake mkononi.

"Papa Karangwa, mbele ya kuinua mikono," alisema, "hii maneno itamufikia nani? Na eko hapa pamoja na siye?"

Watu wakageuka, wakaanza kutafutana kwa macho, mmoja mmoja.